Kabla hujaacha kazi uwe mwandishi

Tangu hadithi yangu ishike nafasi ya pili kwenye shindano (ndiyo, nalitaja tena), napokea ujumbe mwingi. Wa juzi umetoka kwa kijana wa benki: "Kaka shikamoo. Nataka kuacha kazi niandike yale ambayo watu wanaogopa kuyasema. Unanishauri nini?"

Marahaba. Msome Georges Bataille, mwandishi Mfaransa, halafu kesho uwahi kazini.

Wengi wakisikia jina hilo wanakumbuka uchafu tu. Kweli, riwaya yake ya ngono, Histoire de l'œil (Hadithi ya Jicho) ya 1928, si kitabu cha kumsomea mama mkwe. Lakini aliyekiandika alikuwa mhitimu wa École des Chartes, chuo cha watunza nyaraka, na mtumishi wa Bibliothèque nationale, maktaba ya taifa pale Paris, mtaalamu wa sarafu na medali za kale. Kitabu kilitoka kwa jina la Lord Auch. Kingine cha aina hiyo, Madame Edwarda, 1941, akajiita Pierre Angélique. Bwana mkubwa alijua kutenganisha mambo.

Na walimsema kwa hilo hilo. Mwaka 1929 mshairi André Breton, kwenye ilani yake ya pili ya usurealisti (sanaa inayofuata ndoto kuliko akili), alimkejeli kuwa mchana anapapasa miswada ya zamani kwa vidole vya mkutubi, usiku anagaagaa kwenye uchafu. Mwanafalsafa Sartre naye akamshukia 1943. Bataille hakunyamaza: 1946 akaanzisha jarida la Critique.

Hapo ndipo nilipompendea. Mimi niko masjala ya halmashauri: napokea barua, nagonga muhuri, natafuta jalada. Hadithi iliyoshinda niliianza nyuma ya fomu za likizo zilizoharibika. Mtu akija dirishani nageuza karatasi, namuuliza kumbukumbu namba. Mhariri mmoja aliwahi kuniuliza mbele za watu kama wazazi wangu wanajua ninachoandika. Watu wakacheka. Siku hizi ananiita "mwalimu". Naitika, lakini sijasahau.

Vijana mnataka kuitwa waandishi kabla hamjaandika. Kaeni chini muandike! Bataille aliondoka Bibliothèque nationale 1942 kwa sababu ya kifua kikuu, na baadaye akarudi kwenye ukutubi, mjini Carpentras kisha Orléans. Ndiyo miaka aliyotoa La Part maudite (Sehemu Iliyolaaniwa), 1949, anaposema kinachosumbua jamii si uhaba, ni ziada: nguvu inayobaki lazima iteketezwe, kwa sherehe au kwa vita. (Mtu wa masjala ziada haijui, lakini hoja nimeielewa.) Mshahara ulimwezesha kuandika bila kumlamba mtu miguu.

Kwa hiyo, mdogo wangu: andika kila siku. Tafuta jina la bandia, na usimwambie hata shemeji. Andika kila siku, narudia. Ukifikisha sura tatu nitumie, nitazisoma bila huruma. Ila usiziandikie kwenye kompyuta ya benki, watu wa IT wanaona kila kitu.