Jibu: utamu wa The Dark Side of the Moon uko wapi?

Mkuu, unasema umesikiliza The Dark Side of the Moon, albamu ya bendi ya Pink Floyd (1973), ukatoka na wimbo wa Money tu, mengine ukaona ni kelele za saa na watu wanaobwabwaja. Kabla sijalaumu masikio yako, nailaumu simu.

Albamu ina dakika kama 43 na imeshonwa, wimbo unamwagikia mwenzake. Zima kile kipengele cha kuruka nyimbo ovyo, na cha kufifisha wimbo ndani ya mwingine kiweke sekunde 0. App ikiacha ukimya hata wa nusu sekunde kati ya Brain Damage na Eclipse, imekata sentensi katikati. Tumia hedifoni. Mwanzoni kuna mapigo ya moyo, ya chini mno. Spika ya simu haiyatoi, unaongeza sauti ukidhani wimbo haujaanza, kisha lile yowe la kuingilia Breathe linakupasua.

Mada ni mambo yanayomtia mtu wazimu: muda, pesa, vita, kifo. Ila kinachonasa ni marudio. Breathe inarudi kifupi mwishoni mwa Time. Any Colour You Like haina maneno, lakini sikiliza kodi zake (si za nyumba, ni noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja): ni mwendo ule ule wa Breathe, umehamishiwa ufunguo mwingine, yaani kimo kingine cha sauti.

Hiyo Money uliyoipenda, ihesabu. Milio ya sarafu, karatasi inayochanwa na mashine ya keshia ilipimwa kwenye utepe wa kurekodia kwa rula, ikakatwa vipande sawa, ikaungwa kuwa mzunguko wa mapigo saba. Ukihesabu nne, mguu unapotea. Saksafoni inapulizwa humo humo kwenye saba. Gitaa la David Gilmour likiingia, bendi nzima inahamia nne. Ndiyo maana pale mwili unafunguka ghafla.

On the Run ruksa kuichoka, imezeeka. Usiiruke tu, maana bila vurugu ile saa za Time hazishtui. Na kwenye The Great Gig in the Sky usisubiri mashairi: mwimbaji Clare Torry anakiimba kifo kwa sauti tupu.

Kama leo huna muda, piga Brain Damage na Eclipse kwa pamoja, kama dakika sita. Vyombo vikinyamaza usizime: moyo umerudi, na chini yake mlinzi wa mlango wa studio za Abbey Road anasema mwezi hauna upande wa giza, wote ni giza.