Haiku inaganda kwenye laptopu yenye RAM ya GB 1

Mdogo wangu wa Shela, umesema kila ukifungua ukurasa wa tatu wa intaneti, Haiku, mfumo endeshi wa laptopu yako, inaganda na taa ya diski haizimiki. Taa hiyo ndiyo jibu. Kumbukumbu (RAM) imejaa, sasa mfumo unahamishia data kwenye diski na kuirudisha, kama dau moja linalovusha harusi nzima kutoka Lamu hadi Manda.

Mfumo wenyewe mwepesi. Kinachokula kumbukumbu ni kivinjari. Fungua ProcessController, kionyeshi cha programu zinazoendeshwa, pale kwenye Deskbar (upau wa menyu na programu), tazama programu ipi imejaza kumbukumbu, uifunge. Kwa kusoma habari tu, weka kivinjari chepesi cha NetSurf kutoka HaikuDepot, duka la programu la Haiku, badala ya WebPositive, kivinjari kinachokuja nayo: kurasa nyingine zitakuja zimepinda, lakini zitakuja.

VirtualMemory, mpangilio unaoruhusu diski itumike kama kumbukumbu, usiizime, hata taa ikikuudhi. Mimi niliizima, programu zikawa zinakufa bila hodi, na barua niliyokuwa nikiandika ikapotea nazo. Kuiongeza nako hakuleti kasi, kunazuia vifo tu.

Dawa hasa ni RAM. Hata ya mtumba inafaa, ila mwulize fundi kwanza kama mashine yako ni ya DDR2 au DDR3, aina mbili za RAM zisizoingiliana.