Jua Kwanza Kilichoiua Kompyuta ya Injini: Maswali na Majibu

Gari langu ni la mwaka 1995. Likitembea dakika 20 linazima lenyewe, likipoa linawaka tena. Fundi anasema kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa. Ninunue nyingine?

Bado. Sensa ya krenki, inayosoma mzunguko wa injini, huleta dalili hiyo hiyo: waya wa ndani ukipata joto unakatika, ukipoa unashikana. Sensa ni ya bei nafuu kuliko kompyuta, kwa hiyo anza na hiyo.

Kisha fungua swichi bila kupiga stata, utazame taa ya injini kwenye dashibodi. Ikiwaka, kompyuta inapata umeme. Isipowaka na balbu ni nzima, pima umeme unaofika kwenye soketi ya kompyuta. Kuna pini yenye umeme wa kudumu na nyingine zinazopata umeme kupitia rilei kuu (swichi inayojifunga kwa umeme) ufunguo unapofunguliwa. Zote zikaribiane na volti za betri, ambayo ikiwa imejaa husoma kama 12.6. Rilei kuu yenye vidole vilivyoungua ndani imewafanya watu wengi wanunue kompyuta bure.

Ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi, nayo ina mtihani wake. Weka ncha moja ya multimita (mita ya kupimia umeme) kwenye pini ya ethi ya kompyuta, nyingine kwenye hasi ya betri, injini ikiwa inaunguruma. Usomaji usizidi volti 0.1. Ukiona 0.5, tafuta boliti ya ethi iliyoshika kutu kwenye injini au kwenye bodi, ifungue, uisugue mpaka chuma king'ae.

Kuna mtego mmoja zaidi. Sensa nyingi hulishwa volti 5 kutoka kwenye kompyuta. Moja ikipiga shoti, volti hizo hushuka kwa sensa zote na gari linakaa kama maiti. Chomoa sensa moja moja huku jicho likiwa kwenye multimita. Volti zikirudi 5, hiyo uliyoishika mkononi ndiyo mbaya.

Vipimo hivyo vyote vikiwa safi, ipulizie kompyuta hewa ya moto kwa kikausha nywele injini ikiwa inafanya kazi, bila kuichoma. Ikizima ndani ya dakika chache, na ikarudi ukiipoza, sasa una ushahidi.

Nimefungua boksi nikakuta uchafu wa kahawia kwenye saketi na harufu kama ya samaki. Ni nini?

Kapasita, vijipipa vya kuhifadhi umeme kwenye saketi, zimevuja. Ni ugonjwa maarufu wa kompyuta za mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990, na Mitsubishi za wakati huo, Pajero zikiwemo, zinajulikana sana kwa hilo. Kimiminika cha ndani ya kapasita kinapenya kwenye mpira wa chini, kinatambaa juu ya saketi, kinakula njia za shaba na kupitisha umeme pasipotakiwa. Ndiyo maana dalili hazitulii: leo inamisi, kesho haiwaki, keshokutwa nzima kabisa.

Mara nyingi hiyo inatengenezeka, nasi tungeitengeneza kabla ya kuwaza nyingine. Kabla ya kung'oa chochote piga picha. Andika uwezo wa kila kapasita kwa mikrofaradi na volti zake. Mpya iwe na mikrofaradi zile zile, volti zisipungue, na iwe ya kuhimili nyuzi joto 105, si 85. Mstari uliochorwa ubavuni ni upande wa hasi. Ukigeuza, kapasita inaweza kupasuka. Ukishang'oa za zamani, sugua eneo lote kwa mswaki laini na alkoholi ya isopropili. Halafu pima kila njia ya shaba iliyopita chini ya kapasita, maana unaweza kuiona nzima kwa macho kumbe imekatika. Iliyokatika iunganishe kwa waya mwembamba na lihamu.

Nilifunga kompyuta nyingine, ikafanya kazi siku mbili ikafa vilevile. Niliuziwa mbovu?

Huenda ilikuwa nzima, ukaipeleka kwa muuaji yule yule. Ndani ya kompyuta kuna transista (swichi ndogo za kielektroniki) zinazoendesha injekta za mafuta, koili za cheche, na mota inayodhibiti mwendo wa injini gari likiwa limesimama. Kimojawapo kikipiga shoti, transista yake inaungua.

Chomoa soketi zao upime omu (ukinzani wa umeme). Injekta nyingi husoma kati ya 12 na 16. Zipo za aina nyingine zinazosoma 2 hadi 3, hivyo jua ya gari lako ni ipi, kisha tafuta inayotofautiana na wenzake. Kwenye Mitsubishi nyingi, mota hiyo yenye pini sita husoma kama omu 28 hadi 33 kwa kila koili ya ndani yake. Ukikuta omu chache tu, usifunge kompyuta ya tatu kabla mota hiyo haijabadilishwa.

Pima na chaji ya alternata: volti 13.5 hadi 14.5 ndiyo kawaida. Inua pia kapeti chini ya kompyuta. Kapeti likiwa na unyevu, maji yanaingia kutoka kwenye kioo cha mbele au mahali pengine, na hata kompyuta mpya yataishia kuioza.

Nikinunua iliyotumika, nilinganishe nini?

Namba kamili ya kwenye lebo. Soketi kuingia vizuri si kigezo. Kwa Toyota namba hiyo huanza na 89661, na tarakimu za baada ya hapo ndizo zinazotofautisha injini, gia ya otomatiki au ya mkono, na nchi ambayo gari lilitengenezewa kuuzwa.

Ufunguo ukiwa na chipu, stata inaweza kupiga na injini ikagoma, au ikawaka sekunde moja ikazima. Sababu ni kwamba kompyuta uliyofunga haiutambui ufunguo wako. Kwenye baadhi ya Toyota taarifa hizo zimo kwenye chipu ndogo ya kumbukumbu, mara nyingi 93C56, ambayo fundi wa elektroniki anaweza kuihamishia kwenye boksi jipya. Kwa hiyo usiitupe kompyuta ya zamani.

Kuibadilisha kwenyewe kukoje?

Ni kazi fupi. Toa waya wa hasi wa betri, ngoja angalau sekunde 90 kwa sababu ya mifuko ya hewa. Mara nyingi boksi liko nyuma ya droo ya abiria au ubavuni chini ya dashibodi, limeshikwa na boliti za spana namba 10. Fungua kufuli ya soketi kabla ya kuvuta, na vuta soketi yenyewe, kamwe usivute nyaya. Kabla ya kufunga jipya, mulika pini kwa tochi, kwani moja iliyopinda inatosha kukurudisha mwanzo.

Nachomelea chesisi kwa umeme. Nichomoe kompyuta?

Ndiyo, toa betri na uchomoe kompyuta pia, halafu bana klampu ya ethi ya mashine karibu kabisa na unapochomelea.