Timu Yako Imeshikwa? Njoo kwa Kaka Yako wa Juve

Juzi kijana mmoja, shabiki wa Manchester City, kaniandikia: "Braza, kijiweni siongei tena. Nikifungua mdomo tu, wananijibu 115. Nifanyeje?" Kwa asiyefuatilia, hiyo ni idadi ya mashtaka maarufu ambayo Ligi Kuu ya England iliyatangaza Februari 2023 dhidi ya City kuhusu kanuni za fedha. Klabu imeyakana.

Mdogo wangu, umefika penyewe. Mimi ni wa Kibibi Kizee cha Turin, yaani Juventus, tangu Del Piero akiwa kinda, na ya mwaka 2006 niliyala yote.

Mei mwaka ule magazeti ya Italia yalianza kumwaga mazungumzo ya simu ya Luciano Moggi, mkurugenzi mkuu wetu, na watu waliokuwa wakiwapangia waamuzi mechi za Serie A, ligi kuu ya Italia. Mabosi wakaachia ngazi. Halafu likaja Kombe la Dunia. Fainali ya Berlin, Julai 9, wachezaji wanane wa Juve waliingia uwanjani: watano upande wa Italia, watatu upande wa Ufaransa. Hata penalti iliyogonga mwamba ilikuwa ya kwetu, ya Trezeguet! Siku tano baadaye hukumu ikasomwa. Tukapokwa ubingwa wa misimu miwili, tukashushwa daraja, na tukaambiwa tutaanza Serie B, daraja la pili, tukiwa na pointi 30 pungufu. Rufaa ikazifanya 17, mwisho zikabaki 9.

Kibandaumiza cha mtaani kwetu kulikuwa na jamaa wa Arsenal. Kila nikiingia alikuwa anatoa simu mfukoni, anaiweka sikioni: "Haloo, refa? Ndiyo, kaja. Nimpe?" Kisha ananinyooshea. Kibanda kizima kinacheka, hadi mwenye kibanda, ambaye shilingi zangu alikuwa amekwisha kuzipokea mlangoni. Msimu ulipoanza akaacha kutuandika kwenye ubao wa chaki pale nje, maana Serie B nani anaionyesha? Matokeo nikawa nayafuata intaneti kafe. Mechi ya kwanza, ugenini kwa Rimini, 1-1. Buffon, golikipa bingwa wa dunia, yuko Rimini.

Sasa ushauri. Kwanza, soma mashtaka. Wengi wanaokutania hawajui timu yako imeshtakiwa kwa lipi, na wewe pia hujui, ndiyo maana unanyamaza. Mimi nilikuwa najua tofauti ya kumhonga mwamuzi na kujenga mtandao wa kushawishi nani apangwe wapi. Mahakama ya michezo ilituadhibu kwa hilo la pili. Ukisema kitu kama hicho kwa utulivu, mtu wa 115 anaishiwa maneno.

Pili, tenganisha ofisi na uwanja. Moggi hakuwahi kupiga faulo hata moja. Nedved alikuwa anakimbia mpaka nywele zinamwagika jasho, leo uniambie na yeye alikuwa kwenye simu? Yeye, Del Piero, Buffon, Trezeguet na Camoranesi walibaki. Cannavaro na Emerson wakaenda Real Madrid, Thuram na Zambrotta Barcelona. Ibrahimović na Vieira wakaenda Inter, mahasimu wetu, na hapo nisiseme sana.

Tatu, usijitetee kwa kusema "wote wanaiba". Ni utetezi wa mtoto. Ila ukweli nao usemwe: Milan walikatwa pointi kwenye kesi ileile, lakini wakaachwa waende Ligi ya Mabingwa, na Mei 2007 wakalibeba kombe Athens. Inter wakapewa ubingwa wetu wa 2006 mezani. Mwaka 2011 mwendesha mashtaka wa shirikisho, Stefano Palazzi, akaandika kwamba hata Inter walikuwa na la kujibu kuhusu simu, ila muda wa kuwashtaki ulikuwa umepita. Umepita! Basi.

Nne, usihame. Nina rafiki, tuliangalia naye Juve miaka mingi, Agosti ile akatokea na jezi ya Inter mpya kabisa, lebo bado inaning'inia. Hatujagombana, salamu tunapeana, harusini kwake nilikwenda. Lakini mpira sizungumzi naye. Vijana wa siku hizi mnahama timu kama mnavyobadilisha laini za simu, halafu mnashangaa ubingwa hauwapi raha. Raha utaipata wapi wakati hukulala njaa? Sisi tulichukua Serie B licha ya zile pointi 9, Del Piero akiwa mfungaji bora kwa mabao 20, na siku ya kupanda daraja nilishangilia kuliko siku nyingi za ubingwa. Shabiki wa kweli hupimwa timu ikiwa matopeni. Kaa, lipia kiingilio, vaa jezi Jumatatu.

Na wakikutania, cheka kwanza. Mwaka 2023 tulipokatwa pointi 10 kwa mahesabu ya mauzo ya wachezaji, wale wa simu walirudi. Nikawaambia safari hii tumieni kikokotoo.

Ukishamaliza kesi yako, njoo tuhesabu makombe. Shirikisho la Italia linasema Juve wana mataji 36 ya ligi. Mimi nahesabu 38, na kwa hilo usiniandikie.