Mnaniuliza kamera, hakuna anayeuliza sauti

Juzi dada mmoja wa mwaka wa pili kanitumia meseji: "Kaka shikamoo, sisi ni timu ya watu sita tunataka kutengeneza filamu fupi, tukodi kamera gani?" Nikacheka peke yangu kwenye daladala mpaka abiria wa pembeni akanigeukia, maana swali hilo hilo nililiuliza mimi miaka mitatu nyuma. Mdogo wangu nakujibu hapa hapa ili na wengine wasome.

Sisi tulikuwa saba. Skripti kurasa 8, na huwa tunahesabu ukurasa kama dakika moja, basi dakika nane za kijana anayerudi nyumbani kumwambia mama yake kafukuzwa chuo. Dairekta mimi. Nilijichagua mwenyewe, niseme tu ukweli, kwa vile skripti niliandika mimi na kofia ninayo. Tukachanga elfu 30 kila mtu, ikawa laki mbili na kumi, karibu yote ikaishia kwenye kukodi kamera na lenzi mbili. Sauti je? Aah, maiki ya kwenye kamera si ipo. Kuna mwenzetu mmoja mpole sana alisema jamani tutafute rekoda, akasema tena, mara ya pili nikamwambia mbele za watu aache uoga. Neno hilo mpaka leo likinijia usiku nageuka upande wa pili.

Tulishutia Kigamboni kwa bibi yake mmoja wetu. Pantoni tulivuka saa kumi na mbili asubuhi, shoti ya kwanza saa tano, kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake ndiye anayepanga vitu. Lakini picha jamani! Mama kakaa anachambua mchele kwenye ungo, mwanga wa dirishani unamgusa shavu, mimi nyuma ya kamera naona nimeshafika. Na nilisikia kila neno vizuri tu, si niliyaandika mwenyewe. Kumbe maiki iko mita tatu kutoka kwa mama, inasikia feni, bodaboda, kuku wa bibi. Ikaadhiniwa alasiri katikati ya sini, tukasubiri, tukarudia, nilipokuja kuunganisha kwenye editi mama anaanza sentensi na adhana anaimaliza bila adhana.

Siku ya kuonyesha darasani ndio nisiwafiche. Mama anafika kwenye mstari niliouwazia wiki nzima, "shamba la baba yako nimeliuza kwa ajili ya ada", na hapo hapo jogoo akawika, juu ya neno shamba kabisa. Darasa zima likaanguka kicheko. Mwalimu aliandika mstari mmoja tu kwenye karatasi yangu: jogoo ameigiza vizuri. Wapo watu mpaka leo wananiita Jogoo na najifanya natabasamu.

Filamu ya pili tulitumia simu, na maiki nilishika mimi. Tuliifunga kwenye mti wa ufagio, ikae juu ya kichwa cha muigizaji, karibu na mdomo kadiri inavyowezekana bila kuonekana kwenye fremu. Vaa hedifoni muda wote, masikio yako matupu yanakudanganya. Zima feni, zima friji, na ndani ya friji weka kitu ambacho huwezi kuondoka bila hicho ili ukumbuke kuiwasha tena, sisi tuliweka nauli zetu za pantoni, la sivyo utamwozeshea mwenye nyumba samaki wake. Kabla hamjahama chumba rekodini sekunde 30 watu wote kimya, mpate sauti ya chumba chenyewe ya kuzibia mapengo, utanishukuru kwenye editi. Kama mnarekodi sauti pembeni kwa kifaa kingine, pigeni kofi moja mbele ya kamera mwanzo wa kila shoti ili mpate pa kuoanishia sauti na picha. Na kamera, maana ndiyo uliyouliza, simu inatosha, weka shata, yaani muda kamera inaofungua kupokea mwanga kwa kila picha, iwe 1/50 ya sekunde kwa sababu umeme wetu ni hezi 50 na taa zitapepesa ukikosea.

Halafu nyie mnaojiita madairekta, samahani lakini lazima niseme. Mtu hajawahi hata kukunja waya wa ekstensheni ukakunjika, bio yake imeshaandikwa filmmaker. Hakuna anayetaka kushika maiki kwa sababu mshika maiki hapigwi picha. Yule mpole tuliyemzima ndiye alikuwa anasikia peke yake kati ya watu saba! Nilimuomba radhi filamu ya pili ilipoisha, tukiwa kwenye pantoni, akasema "yalishapita Jogoo", naye pia.

Kwa hiyo mdogo wangu marahaba, hela ya kamera punguza, nitumie skripti niisome, na uniambie hiyo nyumba mtakayoshutia ina kuku wangapi.