Majibu ya Mjomba: Vitu vizito vikae wapi kwenye tela?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi na mume wangu tumenunua tela dogo la kulalia, la ekseli moja, lenye breki za umeme. Kibao chake kinasema likijaa lisizidi kilo 1,200. Kitabu cha gari letu kinaruhusu kuvuta hadi kilo 1,500, na tufe la kuvutia, lile la chuma nyuma ya gari, lisibebe zaidi ya kilo 150. Hatujawahi kuvuta chochote maishani. Jirani ametushauri tupange vitu vizito nyuma kabisa ya tela ili gari lisielemewe likainama. Mume wangu anaona ni sawa, ila mimi moyo unakataa. Usukani tutapokezana. Tuanzie wapi?
Mama wa Wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usikilize moyo wako. Jirani yenu amewashauri kwa nia njema, lakini upakiaji wa namna hiyo ndio unaopindua matela barabarani.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kupakia vivyo hivyo. Safari yangu ya kwanza nilifunga baiskeli mbili kwenye bampa ya nyuma ya tela, nikajaza tangi la maji lililokuwa nyuma ya ekseli, na sanduku la spana nikalisukuma chini ya kitanda cha nyuma. Gari lilikaa sawa kabisa, kana kwamba halikufungiwa kitu, nami nikafurahi. Tukaanza kushuka mteremko mrefu, mshale wa spidi umepita 90, basi likatupita. Upepo wake ulilisukuma tela pembeni kidogo tu. Likarudi, likapitiliza, likarudi tena kwa nguvu kuliko mwanzo, na kila likienda linauvuta mkia wa gari. Mke wangu alishika dashibodi kwa mikono miwili. Mtoto aliyekuwa akiimba kiti cha nyuma akanyamaza. Niliachia mafuta, nikaukaza usukani bila kuuzungusha, na baada ya sekunde ambazo hadi leo naziona kama saa nzima, tela likatulia. Tulisimama kando ya barabara nusu saa nzima, hakuna aliyesema neno.

Kilichotupata ni hiki. Tela la ekseli moja ni kama pembea ya watoto: magurudumu ndiyo egemeo. Ukiweka mzigo nyuma ya ekseli, mbele kunanyanyuka. Ule mkono wa chuma wa mbele, wenye kikombe kinachokaa juu ya tufe, unakuwa mwepesi, na gari halina tena uwezo wa kulituliza tela. Tela linaanza kuchezesha mkia. Spidi ikiwa ndogo, mchezo huo hufa wenyewe. Ukipita spidi fulani haufi tena, unakua kila mzunguko. Spidi hiyo inategemea mlivyopakia, na ndiyo maana tela lile lile linaweza kutulia leo na kuwatisha kesho.

Kwa hiyo kabla ya kuwaza barabara, pimeni mkono. Kwa tela la aina yenu, mkono unapaswa kulilemea tufe kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela lililopakiwa. Karavani nyingi za Ulaya hutengenezwa kwa mkono mwepesi zaidi, kama asilimia 5 hadi 7, basi kitabu cha tela lenu kikisema tofauti na mimi, kifuateni kitabu. Tuseme likijaa lina kilo 1,150: asilimia 10 ni kilo 115, na asilimia 15 ni kama kilo 172. Lakini tufe lenu mwisho wake ni 150. Tafuteni kilo 120 hadi 145.

Kupima hakuhitaji fundi. Uzito wote mtaupata kwenye mizani yoyote ya magari. Uzito wa mkono mtaupata kwa mizani ya kupimia watu, ubao imara na tofali, ila msiuweke mkono moja kwa moja juu ya mizani, mtaivunja. Wekeni ncha moja ya ubao juu ya tofali na nyingine juu ya mizani, mita 1.2 kati yake, kisha ishusheni mizani kwenye sifuri ubao ukiwa juu yake. Tela likiwa limesimama sawasawa, magurudumu yamewekewa kabari, teremsheni mkono juu ya ubao sentimita 40 kutoka kwenye tofali. Mizani itabeba theluthi moja tu. Ikisoma 43, zidisheni kwa tatu: kilo 129. Hapo mko pazuri.

Sasa muone jinsi vitu vidogo vinavyoharibu hesabu hiyo. Tangi la lita 80 likijaa ni kilo 80. Likiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli, na kutoka ekseli hadi tufe ni mita 3.6, linanyanyua mkono kilo 27 hivi. Baiskeli mbili na fremu yake, tuseme kilo 45, zikining'inia mita 2.4 nyuma ya ekseli, zinanyanyua kilo 30 nyingine. Kilo 57 zimeondoka mkononi, na kwa macho gari linaonekana limepona.

Vizito vikae sakafuni, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Msivirundike vyote puani mwa tela pia, kwa sababu uzito uliokaa kwenye ncha mbili hulipa tela nguvu ya kuyumba hata kama mkono umepimwa vizuri. Nguo, mito na mablanketi ndiyo ya kwenda nyuma. Maji, kama mnakokwenda yapo, endeni na tangi tupu.

Hofu ya jirani kuhusu gari kuinama si ya bure. Mkia ukizama mno, magurudumu ya mbele yanapungukiwa na mshiko na taa zinamulika juu. Dawa yake ni kupunguza mizigo ndani ya buti la gari, kwa kuwa kilo za mkono nazo zinahesabika kama abiria, au fundi afunge vyuma vya springi vinavyogawa uzito huo hadi ekseli ya mbele, kama gari na tela vinaviruhusu. Kuhamisha mizigo nyuma ya tela si dawa.

Likianza kuyumba pamoja na tahadhari zote, fanyeni kama nilivyofanya: achia mafuta, kaza usukani mbele, usijaribu kuufukuza mkia. Usikanyage breki ya gari kwa nguvu. Watu wengine huambiwa waongeze mwendo ili walinyooshe tela, na ushauri huo ni wa kukataa kabisa, kwa maana spidi ndiyo inayolisha kuyumba. Nyinyi mna bahati ya breki za umeme: kile kisanduku cha kuongozea breki hizo, chini ya dashibodi, kina swichi ya kushika breki za tela peke yake. Ibonyeze taratibu na tela litanyooka. Kila mmoja wenu akae kwenye kiti cha dereva, gari likiwa limesimama, aitafute swichi hiyo kwa kidole mpaka aipate bila kutazama.

Kufunga tela nalisema kwa kifupi kwa kuwa mtalizoea baada ya mara tatu. Tufe na kikombe viwe vya saizi moja, na saizi hiyo huchongwa juu yake. Inchi 2 na milimita 50 zinakaribiana sana, lakini msibahatishe. Mkishafunga komeo, zungusheni jeki iliyo kwenye mkono wa tela kana kwamba mnanyanyua tela: mkia wa gari ukipanda nao, limeshika, kikombe kikiinuka peke yake, halijashika. Minyororo ya usalama ipishane chini ya mkono ili ukichomoka udakwe usichimbe barabara. Kile kiwaya chembamba kinachowasha breki za tela likikatika, kifungeni kwenye chuma cha gari, msikipachike kwenye tufe wala kwenye minyororo. Mmoja akanyage breki na kuwasha indiketa, mwingine asimame nyuma ahakikishe kila taa. Vali ya mtungi wa gesi ifungwe.

Matairi ya tela huzeeka kwa kusimama, hata kama kashata zake, yaani meno ya tairi, bado ni nene. Ubavuni tafuteni tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upepo ujazwe tairi likiwa baridi, kwa kipimo cha kibao cha tela. Mkitembea kilomita 80 za kwanza simameni, kazeni nati za magurudumu tena, na mguse kila rimu kwa tahadhari. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, kuna breki inayobana au beringi inayokufa.

Njiani, kilomita 80 hadi 90 kwa saa zinawatosha. Kwenye kona ya mjini tela hukata ndani, basi songeni mbele zaidi kabla ya kukunja. Mteremkoni wekeni gia ndogo mkiwa bado juu, kabla hamjaanza kushuka, kisha mkanyage breki kwa vipindi, kwa uthabiti, na kuachia ipoe.

SWALI: Mjomba, mbele naenda vizuri. Rivasi inaniaibisha, tela linakwenda upande nisioutaka. Nimeambiwa dogo ni rahisi kuliko refu. Mbona silioni hilo?

JIBU: Umedanganywa, ndugu yangu. Tela fupi hujibu usukani haraka, kwa hiyo hujikunja kabla hujajua. Refu hukupa muda.

Shika usukani chini kabisa, pale namba 6 inapokaa kwenye uso wa saa, kwa mkono mmoja. Unapotaka mkia wa tela uende, peleka mkono wako upande huo huo. Mkono kulia, tela kulia. Zungusha kidogo, subiri uone, kisha rudisha usukani ili gari lilifuate tela. Kosa kubwa ni kuongeza usukani wakati tela tayari linakunja. Likizidi, usiling'ang'anie: songa mbele mita tatu linyooke, anza tena. Ukiweza kuchagua, ingia kwa upande ule uliokaa wewe dereva, maana unauona kupitia dirishani.

Nenda kwenye uwanja mtupu na ndoo mbili, uzipange kama mlango. Saa moja kwa siku, siku tatu. Anayekuelekeza asimame mahali unapomwona kwenye kioo, na mkubaliane ishara kabla. Usipomwona, simama papo hapo, hata kama unasikia sauti yake. Ukishaegesha, kabari kwanza kwenye magurudumu, kufungua komeo baadaye. Nimeona tela likiondoka peke yake kwenye uwanja uliodhaniwa ni tambarare.

SWALI: Je, watoto wanaweza kulala kwenye tela wakati tunasafiri usiku?

JIBU: Hapana. Sehemu nyingi sheria inakataza, na hata pasipo sheria, mle ndani hamna mkanda wala kiti kilichojengwa kwa ajali, na wewe uliye mbele huwezi kuwasikia wakilia. Walale kwenye viti vyao ndani ya gari, mikanda imefungwa. Wakichoka, simameni mlale wote.