Sheikh, niandikie barua nisamehewe chanjo ya Hija

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni mkulima wa korosho, Tandahimba. Fedha za msimu huu nimelipia Hija, ya kwanza maishani mwangu. Nimeambiwa bila chanjo ya homa ya uti wa mgongo Saudia hawanipokei. Jamaa mmoja hapa msikitini anasema chanjo ina nguruwe, na kujikinga na ugonjwa ambao hujaupata ni kukosa tawakkul, yaani kumtegemea Mwenyezi Mungu. Naomba uniandikie barua kwamba dini hainiruhusu, nisamehewe.

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah. Mwenyezi Mungu aikubali Hija yako, ndugu yangu. Barua hiyo siandiki. Nikiandika kwamba Uislamu umekataza chanjo nitakuwa nimetoa ushahidi wa uongo, na Mtume (s.a.w.) aliutaja ushahidi wa uongo pamoja na shirki na kuwaasi wazazi. Kama unaogopa sindano, sema naogopa. Wenye kuogopa ni wengi, na wengine wana vilemba.

La tawakkul ni jepesi. Sayyidna Umar, khalifa wa pili, alikuwa njiani kwenda Sham (eneo la Syria), akapata habari kuwa huko kuna tauni, akaamua kurudi. Sahaba Abu Ubayda akamuuliza: unaikimbia qadari (makadirio) ya Mwenyezi Mungu? Akajibu: ndiyo, tunaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu kuielekea qadari ya Mwenyezi Mungu. Nawe mikorosho yako unaipulizia salfa kabla ugonjwa wa ubwiri unga haujaonekana kwenye maua. Huyo jamaa yako amewahi kukwambia umekosa imani?

La nguruwe ndilo la kuulizwa kwa makini, na wanazuoni hawakulipuuza. Indonesia, nchi yenye mahujaji wengi kuliko zote, baraza la maulamaa lilizichunguza chanjo hizi hizi za Hija. Mwaka 2009 waliiruhusu iliyokuwepo kwa anayekwenda Hija ya faradhi, kwa kuwa hakukuwa na mbadala. Mwaka 2010 zikapatikana za viwanda vingine viwili wakazipitisha kuwa halali, na ile ya kwanza wakaikataa. Umeona walivyofanya? Hawakumwambia mtu abaki nyumbani wala aende bila chanjo. Walitafuta iliyo safi. Basi unapokwenda kuchanjwa, uliza ni ya kiwanda gani, ni haki yako. Ikiwa haina shaka, alhamdulillah. Ikiwa ina shaka na nyingine haipo, soma Al-Baqara aya ya 173 juu ya aliyefikwa na dharura.

Tena sharti hili halikutoka hewani. Mwaka 1987 na mwaka 2000 ugonjwa huu ulizuka kwenye Hija, mahujaji wakarudi nao makwao, wakaugua hata watu ambao Makka hawajaiona. Mtume (s.a.w.) amesema: hakuna kudhuru wala kulipizana madhara. Mwili ni wako, lakini kikohozi utakirudisha kwa wajukuu.

Ikiwa una mzio au maradhi yanayokuzuia kuchanjwa, hilo mwandishi wake ni daktari, si sheikh. Na kulikubali au kulikataa ni juu ya Saudia. Kuna wanaonunua kadi ya njano ya chanjo iliyogongwa mhuri bila kuchomwa sindano. Usithubutu. Utavaaje ihramu na karatasi ya kughushi mfukoni?

Chanjwa mapema, zisipungue siku 10 kabla ya kufika Saudia. Wallahu a'lam.